Upande wa Pili wa Santuri

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki dunia Januari 1979 kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji, na kiongozi wa Super Volcano, bendi aliyoianzisha mwaka 1973 baada ya kuihama Morogoro Jazz. Hayo yanajulikana. Kila aliyekulia kwenye nyumba yenye redio anaweza kuyataja hata usingizini. Ambalo halijaandikwa sawasawa ni namna watu wanavyomkumbuka, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ndugu msomaji, chukua makala yoyote inayomhusu. Kwa kawaida mwandishi ataanza na maneno ya nyimbo. Huu una mafunzo ya ndoa, huu unaonya juu ya pesa, huu unalia na maisha. Shida, Pesa No. 1, Jogoo la Shamba, Masimango: zote zinachambuliwa kama mashairi ya mtihani wa kidato cha nne. Dhamira, ujumbe, maudhui, basi. Gitaa litapewa mstari mmoja mwishoni, kwamba marehemu alikuwa "pia" hodari wa kulicharaza. Pia! Wakati jina lililomganda mitaani lilikuwa Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa. Watu hawakumwita mshairi wa taifa wala mwimbaji wa taifa. Jina walilompa walilitoa kwenye nyuzi.

Kama unataka kujua kwa nini, njoo Mwadui.

Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianzishwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada. Alipofariki Januari 1958 ukauzwa kwa kampuni ya De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Ndani ya uzio palikuwa na mji kamili: umeme, maji ya bomba, hospitali, shule, uwanja wa ndege, viwanja vya michezo. Nje ya uzio kuna Maganzo, mji wa maduka na madalali, ambako ndiko nilikokulia. Wafanyakazi walitoka kila pembe ya nchi. Msukuma wa Kishapu alipanga foleni ya chakula na Mha wa Kasulu, na Mnyakyusa wa Tukuyu akalala kitanda cha jirani. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na mshahara ulipotoka muziki uliowaunganisha ulikuwa wa dansi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikika vizuri jioni. Mwenye gramafoni alikuwa mtu mkubwa. Nyumba yake haikukosa wageni mwisho wa mwezi, na wageni wenyewe hawakuwa na haja ya kualikwa.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa hao wenye gramafoni. Alifanya kazi mtambo wa kuoshea mawe kwa miaka mingi, akastaafu, na alichotoka nacho cha maana ni boksi la santuri. Ni zile ndogo za mizunguko 45, zenye wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili kwa sababu haukutosha upande mmoja. Kwenye karatasi ya katikati imeandikwa sehemu ya kwanza, ukigeuza unakuta sehemu ya pili.

Kwa asiyeujua muziki wa dansi wa zamani, mpangilio wake ulikuwa hivi. Wimbo ulianza taratibu kwa kuimba, ubeti baada ya ubeti. Halafu mwendo ukabadilika, waimbaji wakabaki na kiitikio kifupi au wakanyamaza kabisa, magitaa yakaachiwa uwanja. Sehemu hiyo wengine wanaiita chemko. Kwa hiyo santuri ilipokatwa katikati, mara nyingi maneno yalibaki upande wa kwanza na gitaa likapata upande wa pili karibu wote.

Sasa tazama boksi la mjomba. Ukizielekeza zile santuri kwenye mwanga wa dirisha, utaona upande wa kwanza bado unang'aa mweusi kama ulivyotoka dukani. Upande wa pili ni wa kijivu. Sindano imepita pale mpaka mifereji imelika. Nimezikagua santuri zake zote za Morogoro Jazz na Super Volcano, na nyingi ni hivyo hivyo. Nilipomwuliza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula ugali.

"Sasa ng'wanawane, maneno si nilishayasikia mara ya kwanza? Unataka niyasikie mara ngapi?"

Kwangu mimi ule ukijivu ni hati ya historia. Haukuandikwa na mtaalamu wala haukuhojiwa na mtu. Watu walipiga walichopenda kusikia, chuma kikaweka kumbukumbu.

Kuna ushahidi wa pili, na huu unahitaji jioni na benchi. Wazee waliostaafu mgodini wana kijiwe chao Maganzo. Likitajwa jina la Mbaraka, hutawasikia wakinukuu mashairi. Watalia gitaa kwa mdomo. Mmoja anachukua solo, kwa sauti nyembamba ya puani, na vidole vyake vinatembea hewani. Wa pili anaingia na ridhim, anachakacha kwa ulimi nyuma ya meno. Wa tatu, ambaye kifua chake bado kizima, anapiga besi. Wakifika mahali fulani wote wanasimama, kwa sababu hawakubaliani. Yule wa solo anadai pale Mbaraka alipanda juu mara mbili ndipo akashuka. Mwenzake anakataa katakata: alipanda mara moja, ile ya pili ni mwangwi tu. Wanabishana mpaka chai inapoa. Mimi nimewahi kuona ubishi wa namna hiyo kuhusu Kurani na kuhusu mpira. Kuhusu gitaa, nimeuona hapo tu.

Msomaji wa mjini anaweza kuona huo ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Lakini usisahau hapa ni Usukumani, na Msukuma ana sheria zake za kupima ngoma. Tangu zamani kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa na manju wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, makundi yao hushindana uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Watazamaji wana miguu yao: wanatoka kwa huyu wanakwenda kwa yule, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Manju anaweza kuwa na maneno mazuri kama asali, umati ukimkimbia ameshindwa. Watu waliolelewa katika sheria hiyo walipokutana na muziki wa dansi waliupima kwa mizani ile ile. Hawakuuliza wimbo unafundisha nini. Waliuliza ni mahali gani katika wimbo mtu aliyekaa ananyanyuka. Jibu lilikuwa upande wa pili.

Na ushindani haukuwa mgeni kwa Mbaraka mwenyewe. Morogoro ya wakati wake ilikuwa mji mdogo wenye bendi mbili kubwa. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa yeye. Upande wa pili alikuwapo Salum Abdallah na Cuban Marimba, aliyeanza na kundi la La Paloma mwaka 1948, na ambaye masikio yake yalikuwa yamejaa santuri za Kuba. Salum Abdallah naye alifariki kwa ajali ya gari, Novemba 1965. Juma Kilaza akashika uongozi wa Cuban Marimba, na Morogoro Jazz ikampata kijana aliyekuwa na kasi mikononi. Mji ule ukagawanyika kama uwanja wa Bagika na Bagalu.

Miaka hiyo haikuwa rahisi kwa kijana mwenye gitaa la umeme. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Novemba ya mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana wa mjini walikuwa wanapenda soul na roki, wenye mamlaka wakaona ni utumwa wa kigeni. Hapo ndipo utamu wa habari ulipo. Gitaa lenyewe lilikuwa la kigeni, amplifaya ni ya kigeni, mtindo wa rumba ulikuja kwa santuri kutoka Kuba ukipitia Kongo. Lakini hakuna aliyethubutu kumwambia Mbaraka kwamba solo yake si ya Kitanzania. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walipelekwa Japani, Osaka, kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya Expo 70. Maonyesho yale yalifungwa tarehe 13 Septemba. Siku 5 baadaye, huko London, akafariki Jimi Hendrix, Mmarekani ambaye vijana wa dunia nzima walimchukulia kuwa mfalme wa gitaa la roki.

Nawaweka pamoja kwa makusudi. Hendrix alipokufa, walioandika juu yake waliandika juu ya gitaa lake: namna alivyolishika kwa mkono wa kushoto, alivyoligeuza, alivyolifanya lilie. Hakuna aliyeona haya kusema kwamba sauti isiyo na neno hata moja imebadilisha nyakati. Sisi tulipompoteza wa kwetu tukakimbilia kwenye mafunzo ya ndoa. Ikawa hivyo pia kwa Patrick Balisidya wa Afro 70, bendi iliyotuwakilisha kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977. Huyo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na roki kati ya wakubwa wetu. Alifariki Agosti 2004, na leo kijana ukimwuliza atakuimbia ubeti wa Harusi. Gitaa la Balisidya nani kaliandika?

Turudi kwa Mbaraka. Mwaka 1973 alipohama Morogoro Jazz aliacha zaidi ya jina. Wakati ule bendi nyingi zilikuwa za chama, umoja, jeshi au tajiri fulani. Vyombo viliagizwa kwa fedha za kigeni, na mara nyingi gitaa halikuwa mali ya mpigaji. Ukihama, unahama na vidole vyako. Ukitaka santuri, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Redio Tanzania ilikurekodi kwenye mikanda kwa ajili ya kurusha hewani, lakini santuri ya kuuza ilibidi itoke Nairobi. Ndiyo maana wanamuziki wetu wengi walikuwa na mguu mmoja Kenya, na wengine, kama kina Wilson Kinyonga wa Simba Wanyika kutoka Tanga, walihamia huko kabisa.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa mahututi, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa mpaka 1983. Katikati ya kipindi hicho, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Kwetu Kanda ya Ziwa vita haikuwa habari ya gazetini. Magari yalichukuliwa kupeleka askari na chakula, vijana wa mitaani waliitwa, na kila nyumba yenye redio ilikuwa baraza. Hiyo ndiyo Januari ambayo Mbaraka alikufa: nchi iko vitani upande wa magharibi, mpaka umefungwa upande wa kaskazini, na Soloist National amelala maiti ng'ambo ya mpaka huo.

Mzee mmoja wa kijiweni aliniambia maneno ambayo nimeyaandika kama yalivyo: "Sisi tulikuwa tunasubiri habari za mpakani Kagera. Tukaletewa ya Mombasa."

Alisema hakulia siku ile. Watu walikuwa na ndugu zao vitani, ungemlilia vipi mpiga gitaa? Walichofanya ni kukaa kwa mjomba, wakapiga santuri usiku kucha kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeimba. "Tungeimba ingekuwa sherehe," alisema. Upande wa pili tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa zamu ya alfajiri wakaondoka kwenda kazini. Nafikiri huo ndio msiba pekee wa Mbaraka uliofanyika Mwadui, na hotuba yake yote ilikuwa gitaa.

Baadaye biashara nayo ikakumbuka. Polygram ya Nairobi ilitoa mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu. Kampuni ya Dizim ya Ujerumani ikatoa CD ya nyimbo zake na Morogoro Jazz, ikaiita Masimango. Nashukuru kwa yote mawili. Lakini mtu wa Mwadui hawezi kusikia habari hizo bila kukumbuka ile almasi ya waridi iliyochimbwa hapa mwaka 1947, karati 54.5, ikaenda Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Kitu kinatoka kwetu, kinasafishwa kwingine, na sisi tunakisoma kwenye picha.

Hata hivyo sisi hapa hatukati tamaa na mchanga. Wachimbaji wadogo, kuanzia Shinyanga mpaka Geita kwenye dhahabu, wana neno: marudio. Ni mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja ukatupwa kwamba hauna kitu. Mtu anaurudia, anauosha upya kwa uangalifu, na wapo waliojenga nyumba kwa marudio. Habari za Mbaraka zimeshaoshwa mara moja. Walioosha walikuwa wanatafuta maneno, wakayapata, wakaenda zao. Gitaa bado limo kwenye mchanga.

Najua nitaulizwa: kwani maneno hayana thamani? Yana thamani kubwa. Mbaraka alitunga wimbo juu ya Dk. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971 kule Isimani, shambani kwa Said Mwamwindi, wakati wa vuguvugu la vijiji vya ujamaa. Mwanahistoria akiupuuza wimbo ule amepoteza shahidi. Sipingi kuchambua mashairi. Napinga kudhani kwamba tukishayachambua tumemaliza, kwa sababu shairi ndilo linaloingia kirahisi kwenye karatasi, wakati waliomfuata kwa miaka yote hii hawakumfuata kwa ajili ya shairi peke yake. Kuandika sauti ni kazi ngumu. Lakini ugumu wa kazi si sababu ya kuiandika historia nusu.

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaojifunza uandishi, wa Dar, Mwanza, Arusha na kwingineko. Kila mji wenu una mzee mwenye boksi. Usiende kwake na swali la "wimbo huu unatufundisha nini", maana hilo analijua jibu lake la shuleni na atakupa hilo hilo. Mwombe santuri, igeuze, uangalie ni wapi sindano ilipita sana. Mwombe akulilie solo kwa mdomo, na usimcheke. Mwulize ridhim alipiga nani, besi nani, ngoma nani, maana hao majina yao yanapotea haraka kuliko ya kiongozi. Mwulize alikuwa wapi siku aliyosikia wimbo mara ya kwanza, na nani alinyanyuka kucheza. Andika mwaka. Andika na ubishi pia: kama mmoja anasema mara mbili na mwingine mara moja, weka vyote, msomaji ataamua.

Na fanya haraka. Kile kijiwe cha Maganzo kilikuwa na watu sita nilipoanza kukaa nao na daftari. Sasa wako watatu. Solo yupo, ridhim yupo. Aliyekuwa anapiga besi tulimzika mwaka jana, na jioni wakifika mahali pa besi wale waliobaki wanaacha nafasi yake, wanahesabu kimya kimya kwa vidole juu ya goti, halafu wanaendelea.